Karani Anasema Hayupo

Kuna watu wanagombana na wakwe, kuna wanaogombana na mwenye nyumba, lakini yeye ugomvi wake ulikuwa na mabano. Kutwa nzima anainamia kompyuta akitafuta alama iliyofunguliwa ikasahauliwa, kama mlinzi anayezunguka jengo akijaribu kitasa kimoja kimoja. Kazini wakambatiza Mabano, na jina likamkaa vizuri kuliko mashati yake yote.

Kazi yenyewe ukimweleza mtu, anakuangalia kwa huruma. Kampuni yao ilikuwa ndogo, ghorofa ya juu ya duka la matairi, na ilitengeneza programu moja tu iliyowalisha wote. Waliiita Karani. Huyu Karani haonekani. Hana dirisha, hana kitufe, hana hata kipicha cha kubofya. Anakaa nyuma ya mambo yote, ndani kabisa ya mashine, na kazi yake ni kuulizwa majina. Kompyuta inauliza, fulani ni nani? Karani anajibu. Inauliza, mashine inayoitwa hivi iko wapi? Karani anaonyesha njia. Asipolijua jina anamuuliza Karani mkubwa, aliyekaa pale ofisini kwao, na mkubwa naye asipolijua hujibu neno moja: hayupo. Sasa kompyuta ikiambiwa hayupo haisusi. Inangoja kidogo, inauliza tena. Haina aibu, haijui kusoma uso wa mtu.

Ili wateja wajue namna ya kumtumia Karani palikuwa na kitabu cha maelezo, kinachosomwa kwenye kompyuta hiyohiyo, na maandishi yake yamepachikwa alama. Alama hii inasema hapa ni kichwa cha habari, ile inasema maneno haya yalale upande, nyingine inasema hapa pana onyo. Kila alama ya kufungua ina ndugu yake wa kufunga. Ukimsahau huyo ndugu umekwisha. Siku ya kwanza kazini Mabano alikuta alama ya kukoleza wino imefunguliwa kwa ajili ya neno moja tu, "hakikisha", halafu haikufungwa, na sura nzima iliyofuata ikawa nyeusi tii, inapiga kelele kama mama mwenye nyumba aliyekuta bomba linavuja. Mahali pengine orodha imezaa orodha, nayo ikajifungua orodha nyingine, mpaka maneno yamesukumwa pembeni mwa ukurasa, yamebanana kama watoto waliopangwa kupigwa picha ya shule.

Aliyekiandika kitabu hicho ni mdogo wake wa kike.

Huyo naye alikuwa na jina lake, Chiriku, alilopewa kabla hajaota meno yote, maana alianza kusema na hakukumbuka tena kunyamaza. Alisema akila. Alisema akipiga mswaki, povu linamtoka, na bado ukamwelewa. Yeye ndiye aliyemfundisha kaka yake alama hizi, enzi zile kaka mtu anapanga kadi za mialiko kwenye duka la steshenari. "Kaka, alama ni mlango," alimwambia. "Ukiufungua, ufunge. Au unangoja nani aje akufungie?" Na huyohuyo ndiye aliyeacha milango wazi kitabu kizima. Mganga hajigangi.

Alifariki mwaka juzi. Mapafu yalimsaliti, pumzi zilikwisha, maneno yakabaki. Baada ya muda Bosi akamfuata Mabano: "Mwandiko wa mdogo wako hakuna anayeuelewa kukushinda. Njoo umalizie kazi yake." Akaja.

Nyumbani walibaki wawili, yeye na mama yake. Matanga yalipoanuliwa, mama alikifunga chumba cha Chiriku, ufunguo akautia kifuani, akasimama katikati ya sebule na kusema, "Jina lake lisitajwe humu ndani mpaka niseme mimi." Basi hakusema. Wakaanza kuishi kwa kulikwepa jina hilo kama watu wenye shimo sebuleni: unajua lilipo, unapita kandokando, na mgeni akija unamwekea kiti mbali. "Nipe kile kikombe cha... kile cha bluu." "Ilikuwa mwaka ule wa... mwaka ule." Mabano alizoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachombana.

Jirani wa mlango wa pili, mtu asiyeishiwa maswali, alimsimamisha ngazini siku moja.

"Mmefuga ndege siku hizi?"

"Ndege gani tena?"

"Huyo anayelia kwenu alasiri, wewe ukiwa kazini. Mlisheni basi. Analia kama mwenye deni la chakula."

"Jirani, sisi wenyewe hatujashiba, ndege tutampa nini?" Mabano alijibu, wakacheka, akapanda zake. Hakulifikiria tena.

*

Jumatatu moja asubuhi Mama Mitambo alichungulia mlangoni pake.

Mama Mitambo ndiye aliyetunza mashine zote za ofisi. Alivaa sweta jua likiwaka na sweta mvua ikinyesha, kwa sababu chumba cha mashine kilikuwa na baridi ya kuhifadhia samaki, na utani wake uliweza kumtoa mtu machozi. Siku hiyo hakuja na utani.

"Wewe Mabano, acha hayo. Njoo."

Alimfuata. Chumba kilikuwa kinaunguruma chinichini, taa ndogo za kijani zinakonyeza rafuni. Mama Mitambo akamvutia kiti mbele ya kioo kimoja kilichoonyesha yale aliyokuwa akiulizwa Karani mkubwa, swali baada ya swali, yakipanda juu na kupotea. Mabano alisoma.

chiriku? Hayupo.

chiriku? Hayupo.

Kisha jina la mtu mwingine, likajibiwa vizuri. Kisha mashine ya uchapishaji mahali fulani, ikaonyeshwa njia. Kisha:

chiriku? Hayupo. chiriku? Hayupo. chiriku? Hayupo.

Mabano alitazama nyuma, akaona mlango tu.

"Nani anauliza?"

"Wote," Mama Mitambo alisema. "Hii ni hospitali. Hii shule ya bweni. Hili ni ghala la mbegu. Huyu hapa hata simjui, kanunua nakala moja na hajapiga simu tangu hapo."

"Tangu lini?"

"Tangu kitabu kilipotoka." Alijivutia mikono ya sweta mpaka vidole vikamezwa. "Nilikuwa nakuficha, mwanangu. Nilisema, kijana wa watu ndiyo kwanza anaanza kazi, nimrudishe matangani kwa faida gani? Lakini sasa Bosi ameona. Karani amekuwa mzito. Nusu ya kazi yake ni kujibu swali hili moja."

Mistari iliendelea kupanda. Mabano alijikuta midomo inamfuata, bila sauti.

"Na unajua hata hilo neno ni lake?" Mama Mitambo aliongeza. "Mafundi walikuwa wameandika 'haipo'. Akawagomea. Akasema mashine ina jina, na mwenye jina haambiwi 'haipo' kama sufuria. Akawabadilishia yeye mwenyewe. Hayupo."

Kosa lenyewe Mabano alilijua hata kabla hajarudi kitini. Katika sura ya mashine ya akiba, ile inayoshika kazi mashine kubwa ikianguka, mtumiaji anatakiwa aandike jina la mashine yake. Chiriku alitoa mfano, na kwa kuwa hakuwahi kukosa nafasi ya kujitaja, mfano ukawa chiriku. Baada ya mfano aliweka onyo kwamba usinakili, weka la kwako. Lakini alama ya mfano hakuifunga. Onyo lote likamezwa humo ndani, likapotea machoni pa msomaji. Kilichobaki ni jina, limesimama peke yake kama amri. Na mtu mwenye haraka ukimwonyesha mfano, ataunakili na doa la wino lililo juu yake. Wakanakili. Hospitali, shule, ghala. Kila kompyuta ikiamka asubuhi inamtafuta Chiriku, inaambiwa hayupo, inangoja kidogo, inauliza tena.

Kosa la alama moja. Kulirekebisha ni kazi ya kupiga chafya.

"Ijumaa toleo jipya linatoka," Bosi alisema akiwa amesimama, maana Bosi alikaa tu wakati wa kula. "Nataka kitabu kisichovuja, Mabano. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Bosi."

*

Akafunga milango yote. Aliitoa wino ile sura iliyopiga kelele, orodha akazipanga kila mzazi na watoto wake, jedwali lililokuwa limelala kifudifudi akalisimamisha. Ule mlango mmoja akaupita. Akaupita Jumatatu, akaupita Jumanne, kila mara akijiambia atarudi, kama mtu anayepita nje ya nyumba ya anayemdai pole.

Mchana, wenzake wakishuka kula, yeye alikwenda chumba cha mashine. Alikaa kwenye kile kiti akitazama. Hakukuwa na sauti, mngurumo tu wa feni, lakini baada ya muda macho yalianza kusikia. Shule ya bweni iliita haraka haraka, pumzi juujuu. Ghala liliita polepole, kama mzee anayeita mjukuu huku hajainuka. Na yule asiyejulikana, mwenye nakala moja, aliita, akakawia, mpaka Mabano akadhani amekata tamaa, halafu akaita tena. Baridi ilimpanda kutoka nyayoni. Hakuondoka.

Mama Mitambo alimletea chai bila kuombwa.

"Alikuwa anakaa hapohapo," alisema. "Sukari vijiko vitatu. Nikamwambia, binti, hiyo si chai, hiyo ni sharubati iliyovaa koti la chai. Akaniambia, 'Mama, maneno yangu makali, lazima nisawazishe.'"

Mabano alicheka, kicheko kikaishia njiani.

"Wewe huogopi kukaa humu na hii?"

"Naogopa sana," Mama Mitambo alisema, na hakuonekana kutania. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hili linasemwa kutwa kucha, na midomo isiyochoka. Mimi nikiwa humu peke yangu, huo mlango siupi mgongo."

Nyumbani mambo yakaanza kumponyoka. Jirani aligonga jioni moja kuomba ngazi ya kubadilishia taa; mama yake, akiwa jikoni, akauliza, "Nani huyo?" Mabano, aliyekuwa ameufungua mlango na anamwona jirani kwa macho yake mawili, akajibu, "Hayupo."

Jirani alijitazama kifuani, kisha miguuni. "Basi ngazi atabeba nani?"

Mama alitoka jikoni, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Hakuuliza kitu. Katika nyumba ile kutouliza ndiyo ilikuwa adabu.

Alhamisi Mama Mitambo alimkuta tena kwenye kiti.

"Makosa yote umeyaua, hili moja unalitamia kama yai. Unangoja litotoe nini?"

Mabano hakuondoa macho kwenye kioo.

"Mabano. Nasema na wewe."

"Kwetu hatajwi," alisema mwishowe. "Mama amekataza. Tangu mwaka juzi, mwaka jana wote, sijalisikia jina lake kinywani mwa mtu. Halafu nakuja hapa nakuta hospitali nzima inamwita. Nikifunga ile alama, Mama Mitambo, ataitwa wapi tena?"

Mama Mitambo alikaa kwenye sanduku la nyaya, magoti yakalia.

"Anaitwa, ni kweli," alisema. "Lakini anajibiwaje? Wewe ungependa? Kila ukiitwa, kabla hujafungua kinywa, mtu mwingine anakusemea kwamba hupo. Yule msichana ambaye hakuwahi kumwachia mtu sentensi amalizie. Unadhani huko aliko anafurahi, au anatafuta mahali pa kuchomeka neno?"

Kioo kiliendelea. chiriku? Hayupo. chiriku? Hayupo.

Ijumaa asubuhi Mabano alirudi kwenye ile sura, akaiweka alama ya kufunga mahali pake. Lile onyo lililomezwa likajitokeza, na kwa mara ya kwanza akaliona lilivyokusudiwa kuonekana, maneno yamelala upande ndani ya kisanduku chake: "Jina hili ni langu, nimeliazimisha kwa mfano tu. Usiondoke nalo. Weka la kwako."

Akalisoma. Akacheka, maana sauti ilikuwa ileile. Kisha akaenda chooni akafungua bomba, akalia kwa muda ambao maji yaliweza kuficha.

*

Wateja walipokea toleo jipya, wakaona onyo, wakarekebisha. Hospitali ndiyo iliyonyamaza kwanza. Shule ikafuata. Ghala lilikawia, likaita siku chache zaidi kwa ule uzee wake, kisha nalo likatulia. Siku ambayo yule asiyejulikana alinyamaza, Mabano alikaa kwenye kiti mchana kutwa akisubiri aite tena. Hakuita. Karani akawa mwepesi, Bosi akapiga meza kwa furaha, na Mabano akajiona kama mtu aliyezika mara mbili, na mara hii ya pili koleo lilikuwa mkononi mwake.

Ndipo Mama Mitambo akarudi tena mlangoni, safari hii ameshika sweta shingoni kwa ngumi.

"Kuna moja."

"Moja nini?"

"Moja haijaacha. Asubuhi kimya. Alasiri inaanza. Inaita, inaita, jua likikaribia kuzama inakatika. Kesho yake hivyohivyo. Nilidhani ni mteja mkaidi. Leo nimefuatilia inakotoka. Si mteja. Ni mashine yetu. Ni ile tuliyompa mdogo wako afanyie kazi kitandani alipozidiwa. Tuliandika imepotea, nani angekwenda kumdai marehemu kompyuta? Mabano, inaita kutoka kwenu."

Mabano alitazama saa ukutani bila kuisoma. Alasiri ilikuwa imeshaanza.

"Chumba kile kimefungwa," alisema. "Tangu matanga."

"Najua ulichoniambia. Na mimi nakuambia ninachokiona."

Hakuaga. Alishuka ngazi, akapita katikati ya matairi, akatembea kwenye jua na mikono imepoa kama iliyotoka kwenye ndoo. Njiani alijaribu kujitania, kama desturi yake: mtu anakimbilia nyumbani kumfumania nani, kompyuta? Utani haukushika.

Kwenye ngazi za nyumbani alisikia.

Ndege. Sauti ndogo, nyembamba, cheriko mbili na kimya. Akasimama na mguu mmoja hewani. Cheriko mbili tena. Na hapo akakumbuka: wiki za mwisho Chiriku alipokuwa halali wala haamki, hana nguvu ya kugeuka atazame kioo, aliifundisha kompyuta yake ilie kama ndege kila Karani anapojibu hayupo, ili ajue jaribio limeshindwa huku amefumba macho. Mfano ule wa kitabu aliujaribu kwanza kwenye mashine yake mwenyewe. Humo haukurekebishwa na mtu, kwa sababu humo hakubaki msomaji.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo. Aliusukuma.

Mama yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda kilichotandikwa, mikono mapajani, viatu amevivua kama aliyeingia mahali pa heshima. Mbele yake, mezani, kompyuta iliwaka. Kitambaa cha kufutia vumbi kilikuwa kimekunjwa vizuri kando yake. Hakushtuka. Alimtazama mwanawe kama mtu aliyechoka kujificha.

"Umerudi mapema."

"Nimerudi, mama."

Cheriko mbili. Kimya.

"Niliingia kufuta vumbi," mama alisema. "Nikakibonyeza hiki kidude chake nione kama bado kinawaka. Kikalia. Nikakaa nikisubiri kinyamaze, kikalia tena. Nikasema basi, kesho nitakuja kukitazama." Alilainisha shuka ambalo halikuwa na mkunjo. "Kinapendeza. Nilidhani labda kinaniita mimi. Kwamba kuna kitu kinataka."

Mabano aliketi chini, mgongo ukutani. Neno lilikuwa limemkaa kooni tangu mwaka juzi kama mwiba wa samaki, na sasa hapakuwa na mahali pa kulizungukia.

"Hakikuiti wewe, mama. Kinamwita Chiriku."

Chumba kizima kilikaza. Alingoja kofi, au kilio, au waambiwe mbingu imeanguka. Mama alifumba macho, akayafumbua.

"Kinamwita."

"Kwa jina lake. Kila unapokisikia kinalia, kimemwita."

"Na anayekijibu anasemaje?"

Hilo ndilo swali aliloliogopa. "Anasema hayupo."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Mama alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za jamaa wa mbali. "Ndiyo maana hakichoki," alisema. "Na mimi niliambiwa hivyohivyo. Nikakubali mbele za watu. Kumbe moyoni naendelea kuuliza." Kisha: "Huwezi kukionea huruma? Wewe si ndiyo kazi yako?"

"Naweza kumwomba Mama Mitambo amwambie Karani ajibu kwamba yupo. Dakika moja tu."

"Halafu?"

"Halafu hakitalia tena. Kinalia kwa sababu kinanyimwa."

Cheriko mbili. Mama aliisikiliza mpaka ikaisha, akasikiliza na kimya chake. Mabano aliona anavyopima: huku ndege, huku uongo. Aliona pia kwamba ndege huyu ndiye pekee aliyemletea alasiri zake, na kwamba yeye, Mabano, ameshawanyamazisha wengine wote bila kumuuliza mama yake kama angependa kuwasikia.

"Hapana," mama alisema. "Kikiambiwa yupo kitamtafuta. Kitangoja amjibu. Hayo mateso mimi nayajua, sikitakii." Aliinuka, akavaa kiatu kimoja, akatafuta cha pili kwa mguu. "Kizime, mwanangu. Kimeuliza vya kutosha. Niache mimi nikachemshe chai."

Alitoka. Mabano alipiga magoti mbele ya meza, akabonyeza kitufe, akasubiri kioo kiingie giza, kisha akauchomoa waya ukutani, asije mtu akasema hakumaliza kazi. Ndege hakulia tena. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito hata jirani, upande wa pili wa ukuta, aliacha kuburuta kiti chake.

Alisimama mlangoni, waya umemning'inia mkononi. Kwa mazoea ya kazi mkono ulikwenda kwenye kitasa: umefungua, funga.

"Chiriku!"

Sauti ilitoka jikoni. Ilikuwa sauti ya zamani, ya mama mwenye haraka na sufuria jikoni, sauti ambayo hakuisikia tangu mwaka juzi. Na neno likampanda mdomoni lenyewe, limeshajipanga, lile alilofunzwa na Karani mchana baada ya mchana. Alilibana kwa meno. Akalimeza.

Hakuna aliyejibu. Mama akangoja kidogo. Akaita tena.

"Wewe Chiriku! Si nakuuliza? Sukari vijiko vingapi?"

"Vitatu, mama," Mabano aliitikia, na sauti ilimtoka nyembamba kuliko ya kwake. "Vitatu, na asikudanganye kwamba amepunguza."

"Apunguze yule!" mama alisema jikoni. "Labda augue." Kisha akanyamaza, kwa kusikia alichokisema. Kisha kijiko kikagonga kikombe, kikagonga, kikagonga, na Mabano akajua bila kuona kwamba kikombe ni kile cha bluu.

Nyuma yake, kwenye chumba kisicho na umeme, alihisi kimya kikigeuza shingo, kama mtu aliyesikia anatajwa. Hakutazama. Aliachia kitasa, akauacha mlango wazi, akaenda jikoni kubeba sinia la vikombe vitatu.